Mgongo Usio na Alama

Kama unasoma haya umekaa kwenye ncha ya kiti ili mgongo wako usiguse egemeo, karibu, wewe ndiye ninayekuandikia. Najua umeshaambiwa huna kitu. Mimi niliambiwa hivyo na watu wengi, wengine wamevaa makoti meupe na wengine wamejifunga kaniki, na wote walikuwa na hakika. Sasa nimepata nafuu ya kukaa mezani na kuandika, na ninapoandika nimevaa blauzi. Wewe utaelewa kwa nini nimeitaja blauzi.

Mimi ni fundi cherehani. Naishi kijiji kimoja nje kidogo ya Segese, ambako nusu ya watu wanalima mpunga na nusu wanachimba dhahabu, na wengi wanafanya yote mawili kutegemea mvua. Mume wangu, Baba Kabula, anafanya kazi kwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, upande wa Bugarama, na hurudi nyumbani mwisho wa wiki. Siku nyingine nyumbani tulikuwa mimi, binti yetu Kabula ambaye alikuwa bado hajaanza shule, na mama mkwe wangu. Huyo nilimwita Mayu, yaani mama, kama tunavyosema Wasukuma. Mayu alikuwa mzee mwenye moyo mgonjwa na ulimi mzima.

Ilianza wakati wa palizi la mpunga. Nilikuwa nimeinama shambani nikahisi jua linanichoma katikati ya mabega, nikavuta khanga nikajifunika. Jioni jua likazama, mgongo ukaendelea kuungua. Nikamwomba Mayu aniangalie kama nimeumwa na siafu au nimegusa upupu. Alinigeuza kwenye mwanga wa mlango, akanikagua kwa muda mrefu, akanipapasa kwa kidole.

"Hapa hapana kitu, ng'wanone," alisema. Mwanangu, maana yake. "Mgongo wako mzuri kuliko uso wangu."

Nilicheka. Nilidhani nitaamka mzima.

Kabla palizi halijaisha moto ulikuwa umeshuka mpaka kiunoni. Nauita moto kwa sababu sina jina jingine. Ilikuwa kama nimemwagiwa maji ya ugali yanayochemka, ila maji ya ugali hupoa. Upepo ukinipuliza niliruka. Maji baridi yalinisaidia kidogo, halafu moto ukarudi na hasira zaidi. Lakini adui mkubwa alikuwa nguo. Kitenge kipya chenye wanga sikuweza hata kukifikiria. Tetroni ilikuwa inanikwangua. Khanga iliyofuliwa mpaka ikachakaa niliivumilia asubuhi, mchana ikanishinda. Fundi wa nguo anayeogopa nguo! Wateja walicheka, nami mwanzoni nilicheka nao.

Kabula alikuwa na mchezo wake wa kunirukia mgongoni nikiwa nimekaa kwenye cherehani. Siku moja alinirukia, nikapiga kelele, mtoto akaanguka chini kwa woga. Tulilia wote wawili. Baada ya hapo alijizuia mwenyewe, bila kuambiwa. Akitaka kunisalimia alikuja mbele yangu, akanishika sikio, akasema, "Shikamoo, mama." Sikio lilikuwa zima. Mpaka leo sijui nani alimfundisha, lakini katika miezi ile mibaya hiyo ndiyo ilikuwa furaha yangu ya kila siku.

Kwa Baba Kabula haikuwa rahisi hivyo. Yeye aliwaza zebaki, ile dawa ya kukamatia dhahabu. Aliamini ameileta nyumbani kwenye nguo zake za kazi, akaanza kuzifua mwenyewe na kuzianika mbali nyuma ya zizi. Nikimwambia mimi zebaki sijawahi hata kuishika, aliendelea kufua. Usiku alitandika mkeka wake pembeni. Nilijua anafanya hivyo kwa kunihurumia, lakini siku nyingine nilimwona akinitazama kwa namna nyingine, ya mtu anayejiuliza kama mkewe ameumwa au amemchoka. Hakuniuliza. Ningetamani aniulize, tukagombana, yakaisha.

Zahanati walinipima malaria na taifodi. Kahama mjini walinipima sukari, damu, mkojo, na vingine ambavyo sikuelezwa. Nilijifunza mabenchi ya hospitali kuliko nilivyowahi kujifunza kanisa. Benchi la mbao ni zuri kwa sababu halina egemeo. Kiti cha plastiki kinashika joto. Mahali pazuri kuliko pote ni pembeni ya mlango wa maabara, ukutani, ambapo saruji inabaki baridi mpaka saa sita; unasogeza mgongo karibu na ukuta bila kuugusa, unapata ubaridi wake. Siku moja mama mmoja mnene mwenye mguu uliovimba aliniona nafanya hivyo, akainuka, akanipa nafasi yake ya ukutani. Nilitaka kumshukuru nikashindwa kwa kulia. Aliniambia, "Kaa, mama, hata mimi mguu wangu wanasema ni chumvi."

Daktari wa ngozi alinimulika kwa kurunzi na kioo cha kukuza. Akasema ngozi yangu haina tatizo lolote. Nilirudi nyumbani na karatasi zisizo na ugonjwa, na mgongo unaowaka.

Sasa lazima nikueleze nzengo, kwa sababu hapo ndipo ugonjwa wangu ulipoacha kuwa wangu peke yangu. Nzengo ni majirani wa kitongoji wanaosaidiana. Kukiwa na msiba, wao ndio wanaochimba kaburi, wanaoleta maji na kuni, wanaopika, wanaolala na wafiwa. Kila nyumba inatoa watu wake. Mwanamke anakwenda na mzigo wa kuni kichwani, anajifunga khanga moja kiunoni na nyingine mabegani, anakaa chini kwenye mkeka na wenzake mpaka matanga yaishe. Usipokwenda na huna sababu, siku yako ikifika hawaji. Mimi mwenyewe nimekaa misiba mingi, na nimewahi kuwasema wavivu kwa sauti.

Msiba wa kwanza niliukosa. Wa pili nikaukosa. Nilituma salamu kwamba naumwa, na kina mama walipopita njiani wakaniona uani nimesimama, nakula muhogo, khanga imenilegea mgongoni na ngozi inang'aa. Walikuwa na haki ya kushangaa.

Mayu ndiye aliyeogopa kuliko wote. "Mimi moyo wangu huu unasimama unapotaka," aliniambia. "Nani atanizika? Wachimbaji wa kukodi? Wanitupie udongo huku wanavuta sigara?" Hakuwa anatania. Mayu alikuwa amezika watu wa kitongoji kile tangu alipoletwa pale bibi harusi, na kwake kuzikwa na watu wasiomjua ilikuwa aibu kubwa kuliko kufa kwenyewe. Kila nilipobaki nyumbani aliniangalia kama ninamchimbia hilo kaburi la aibu kwa mikono yangu.

Kwa hiyo msiba wa tatu nilikwenda. Alikuwa amefariki mzee mmoja jirani, mtu mwema. Nilijitwika kuni kidogo, nikafika, na kukaa chini nikashindwa kwa sababu kwenye mkeka watu wanabanana. Nikaomba kigoda nikakaa pembeni. Khanga ya mabegani nikaishika mkononi. Niliona macho. Mwanamke msibani, juu ya kigoda, mabega wazi, kama amekuja kupunga upepo. Nikawaza nivumilie mpaka sala iishe.

Mwinjilisti alikuwa katikati ya sala pale binti wa marehemu alipotoka ndani akilia. Kina mama walimpokea mmoja baada ya mwingine, akafika kwangu, akanikumbatia na kuniangushia mikono yote mgongoni.

Nilipiga yowe. Nilimsukuma nikasema, "Niache!"

Sala ilikatika. Yule binti alibaki amesimama, mikono hewani, na mimi nikashindwa kueleza kwa sababu pumzi ilikuwa imeniisha. Nilitoka pale natembea upande upande. Nyuma yangu nilisikia mtu anasema nina mashetani, na mwingine anasema hapana, huyo ana dharau tu.

Kabla ya juma kuisha Mama Shija alikuja. Yeye ni kiongozi wa kina mama wa nzengo, mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi, na tulikuwa tunapatana. Alisimama nje ya ua na wenzake wawili, hakukubali kiti.

"Mama Kabula, nzengo imekaa," alisema. "Watu wana hasira. Mimi nimewaambia labda unaumwa kweli. Tuonyeshe basi hata kipele kimoja, tukawaeleze wenzetu."

Niligeuka, nikaachia khanga. Nilisikia wanasogea. Nilisikia pumzi zao kwenye ngozi yangu na kila pumzi ilikuwa inauma.

"Hapa hapana kitu," alisema Mama Shija, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetumaini kuona kidonda.

Wakatutenga. Asiyejua kutengwa atadhani ni kitu kidogo. Hakuna aliyekuja kutupiga. Unafika kisimani unasema "mwangaluka" na salamu yako haipokelewi, wanawake wanaangalia ndoo. Nguo za kushona hazikuletwa tena. Anayekusalimia anatengwa na yeye, kwa hiyo hata wanaokupenda wanakupita mbio. Baba Kabula alirudi mwisho wa wiki, akapita kwa rafiki yake wa utotoni, akafungiwa mlango. Alikaa uani, halafu kwa mara ya kwanza akaniuliza lile alilokuwa analificha.

"Niambie ukweli, mama. Kweli kunauma?"

Nilikasirika. Nilimwambia kama ningekuwa naigiza ningechagua ugonjwa wenye faida. Aliinamisha kichwa. "Basi nimeuliza, imeisha," alisema, na kweli iliisha. Tangu siku ile hakunitazama tena kwa jicho lile.

Kiangazi kilipokolea, Mayu alinipeleka kwa mganga upande wa Geita. Sikutaka, lakini nilimwona anavyohema akipanda gari, mzee yule, anakwenda kunitafutia dawa, nikafunga mdomo. Mganga alisema kuna mteja aliniletea kitambaa cha marehemu nikakishona, na marehemu anadai nguo yake. Fundi gani atakumbuka kila kitambaa? Alinichanja chale kwa wembe kuanzia mabegani hadi kiunoni, akasugua dawa nyeusi. Sitaeleza maumivu yale. Nitasema tu kwamba Mayu alinishika mikono yote miwili akawa analia kuliko mimi. Tuliporudi nilichoma vipande vyote vya nguo vilivyokuwa kwenye pipa langu, hata vile vizuri vya kushonea viraka. Chale zilipona zikaacha alama. Moto haukuondoka.

Kama uko kwenye hatua hiyo, ya wembe au ya kuchoma vipande vya nguo, sikucheki. Ungeniambia wakati ule kwamba nilale na mamba nipone, ningekuuliza mamba wa mto gani.

Ni Baba Kabula aliyesema twende Mwanza, hospitali kubwa. Huko nilisubiri tena, benchi jingine, ukuta mwingine. Daktari alikuwa binti mdogo, angeweza kuwa mdogo wangu wa mwisho. Aliziona chale, akaendelea na kazi yake. Akaniambia nifumbe macho, kisha akanipitishia mgongoni kitu, nikaruka mpaka karatasi zake zikaanguka. Nilipofumbua macho nikaona kitu chenyewe: kipande cha pamba.

"Mama, naamini unaungua," alisema. "Chanzo sikijui, na huenda tusikijue. Mishipa yako ya fahamu inapiga kelele bila sababu. Tutajaribu kuituliza."

Alinipa vidonge vidogo vya kumeza jioni. Aliniambia nisitegemee miujiza, nisiviache hata nikidhani havifanyi kazi. Wiki za kwanza vilinilaza mpaka nikaunguza maharage. Mdomo ulikauka, nikanenepa. Mvua za kwanza zilipoanza kunyesha niligundua nimesimama mlangoni, matone yananirukia mgongoni, na mimi nayasikia kama matone. Sikumwita mtu. Nilisimama tu pale.

Lakini tulikuwa bado tumetengwa, na Mayu miguu yake ilikuwa imeanza kuvimba. Siku moja kina mama walikuwa wamekaa uani kwa Mama Shija, Mayu akachukua fimbo yake akaniambia nimfuate. Nilifuata. Aliingia katikati yao bila kubisha hodi.

"Nimewazika mama zenu," aliwaambia. "Wewe mama yako nilimwosha kwa mikono hii. Wewe mtoto wako nilimbeba mimi. Sasa nakaribia, na hakuna mtu wa kunibeba. Mlitaka alama? Haya."

Akanivuta khanga. Ikanikwaruza mgongo wote, nikauma meno.

Walipoziona zile chale, kina mama waliinuka. "Mayu wee!" Mmoja akashika mdomo. Mama Shija alifunika uso kwa mikono. Niliona huruma inakuja, ile niliyoisubiri mwaka mzima, na badala ya kufurahi nikapandwa na hasira.

"Hizo ni za wembe wa mganga," nilisema. "Ugonjwa wangu hauna alama. Mgongo huu ni uleule mliouangalia."

"Nyamaza, mama, umeteseka sana," alisema Mama Shija huku analia.

Nikarudia. Hakuna aliyetaka kusikia. Walitaka kulia, na walikuwa wamepata cha kulilia. Siku hiyohiyo tulirudishwa, na kesho yake kisimani salamu zilikuwa nyingi mpaka nikachelewa kupika. Mayu alilala usingizi wa mtoto. Mimi nilifurahi kwa ajili yake, na nilibaki na uchungu ambao sikuwa na wa kumwambia.

Mayu alifariki wakati wa mavuno. Moyo wake ulisimama asubuhi akiwa anapepeta mpunga. Kilio kilipopigwa nilitoka nje kuangalia njia, nikaogopa. Wakaja. Walikuja na kuni, na ndoo, na majembe, mpaka ua ukajaa. Kina mama aliowasema siku ile ndio waliomwosha. Vijana walichimba kaburi sawasawa, wakapiga udongo vizuri, na hakuna aliyevuta sigara. Nililia siku ile bila kujizuia, kwa sababu alipata alichokitaka na kwa sababu nilimpenda, na jambo la pili sikuwa nimelijua vizuri.

Matanga yalipoisha, Minza alikuja kwangu. Ni mama kijana wa kitongoji chetu, ana mtoto mchanga. Alikaa akazungusha maneno, akasifia cherehani, kisha akauliza, "Mama Kabula, yule mganga aliyekuchanja anakaa wapi?"

"Unaumwa nini?"

"Miguu inawaka. Kuanzia unyayo mpaka magotini. Haionekani kitu." Aliangalia chini. "Dawa sina haja nayo sana. Nataka tu anichanje. Nimekosa misiba miwili."

Mtoto wa watu alikuwa amekuja kuomba wembe, na alikuwa amejifunza kwenye mgongo wangu. Niliinuka, nikamwambia avae viatu vyake vilivyo laini, tukaenda kwa Mama Shija.

Tulimkuta anapukuchua mahindi. Nilimweleza. Alimwambia Minza anyooshe miguu, akaiinamia, akaiangalia pande zote.

"Mbona mizima?"

"Ni mizima kuiangalia," nilisema. "Hata mgongo wangu ulikuwa mzima kuuangalia. Zile ulizolilia zilikuwa za wembe, nilikwambia siku ile. Huyu anataka kwenda kukatwa ili na yeye umlilie."

Mama Shija aliacha mahindi.

"Nikiwaambia kina mama hivyo," alisema, "kila mvivu atasema anaungua."

"Huenda mmoja atasema. Siku yake ikifika tutamzika hata huyo mvivu, kuna hasara gani?"

"Na kuni zake huyu nani atabeba?"

"Mimi."

"Wewe! Na huo mgongo?"

"Kuni zinabebwa kichwani, Mama Shija. Kichwa changu hakijawahi kuungua."

Alicheka bila kutaka. Kisha akamgeukia Minza, akamsogezea kigoda, akamwuliza swali ambalo mimi hakuna mtu wa nzengo aliyewahi kuniuliza: "Huwa inazidi wakati gani?"

Minza alinitazama kwanza. Halafu akakaa, akaanza kumweleza.